Boriti ya Pili

Inspekta Shubiri alivua koti, akalitupa juu ya pipa, akamnyang'anya kibarua nyundo.

"Lete hapa. Wewe unaibembeleza kama mtoto asiyetaka kulala."

Boriti iliyoua washonaji wanne ilikuwa imelazwa juu ya magogo, uani, nyuma ya maabara ya vifaa vya ujenzi. Ilikuwa ndefu, ya kijivu, imevunjika karibu na ncha moja, mahali ilipokuwa imekalia nguzo. Kitambaa cha buluu kilikuwa bado kimenasa kwenye ufa. Hakuna aliyethubutu kukitoa.

Shubiri aliinua nyundo akaishusha. Kipande cha zege kikaruka. Akapiga tena. Kila pigo lilikuwa na mtu wake: moja la mkuu wa kituo, moja la tajiri mwenye kiwanda cha nguo kilichoporomoka upande wa kushoto, na matatu mazito ya Fundi Futi. Huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa boriti hii, na sasa alikuwa mahabusu, ameshatia sahihi maelezo kwamba aliiba nusu ya nondo zake akaziuza. Watu wanne wamezikwa kwa sababu ya tamaa ya fundi mmoja. Kesi fupi, tamu, imefungwa kama kifurushi. Kilichobaki ni kupasua zege na kupiga picha ya mahali nondo zilipokosekana.

"Inatosha," alisema Mama Zege.

Huyo alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyepewa jina hilo na makandarasi wanaomwogopa. Alichuchumaa, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaanza kuzigusa nondo moja moja.

"Za chini zote zipo," alisema.

"Tazama vizuri."

"Nina macho manne, Inspekta, wewe una mawili. Za chini zipo. Za juu zipo. Unene ni ule ule wa kwenye mchoro."

"Na hizi nyembamba?"

"Ringi." Alizigonga kwa ukucha. Zilikuwa nondo nyembamba zilizokunjwa mraba, zimezikumbatia nondo kubwa kama mikanda, moja baada ya nyingine kutoka ncha hadi ncha. "Nazo zipo, na ncha zake zimekunjwa kuingia ndani. Aliyezifunga hizi aliipenda kazi yake."

Shubiri aliegemeza nyundo. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakulifuta.

"Basi alipunguza saruji."

"Nimeshakata vipande, nimevitia kwenye mashine nikavikandamiza mpaka vikasagika. Zege lilikuwa gumu kuliko walivyoagiza." Alisimama, magoti yakalia. "Kama unatafuta kilichoibwa, hapa hukipati."

"Mtu ameungama, mama. Kwa mdomo wake. Ametia sahihi."

"Ameungama wizi wa nondo ninazozishika. Hayo ni yako, wewe ndiye polisi. Yangu ni haya. Njoo."

Alimshika mkono kama mtoto, akamweka mbele ya mahali palipovunjika. Kwa kidole akaufuata ufa. Ulianzia ubavuni, ukapanda kwa mshazari, ukavuka juu, ukashuka ubavu wa pili, ukapita chini kwa chini na kutokea tena upande wa kwanza. Uliizunguka boriti nzima kama mstari wa skrubu.

"Boriti iliyolemewa katikati hupasuka chini, wima," alisema Mama Zege. "Hii haikulemewa tu. Hii ilikamuliwa."

"Ilikamuliwa na nani? Ni nguo?"

Mama Zege alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa chaki za ubaoni, akampa moja. "Ipinde."

Shubiri aliipinda. Ilikatika vipande viwili, mkato umenyooka.

"Chukua nyingine. Isokote."

Aliisokota. Ilikatika kwa mshazari, ncha imechongoka kama skrubu. Alitazama chaki, akatazama boriti.

"Sasa hii. Ipinde kidogo, usiivunje. Umeweza? Iachie. Isokote kidogo, usiivunje. Umeweza. Sasa fanya yote mawili kwa pamoja, kwa nguvu ile ile ndogo."

Chaki ilikatika mkononi mwake kabla hajajiandaa.

"Nani aliisokota boriti yangu?" aliuliza Shubiri, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa.

"Mtu akibeba ndoo mbili, moja kila mkono, anatembea wima. Mwondolee moja, ile nyingine uijaze mpaka juu. Anakwenda upande. Ghorofa hii ilipojengwa, sakafu ya juu ilikuwa pande zote mbili za boriti, zinavutana, mambo sawa. Kisha wakakata shimo upande mmoja wapate kupandishia marobota ya vitambaa. Marobota yenyewe wakayarundika upande wa pili. Boriti ikabaki na ndoo moja." Alipangusa miwani. "Kinachozuia boriti isikatwe pale inapokaa juu ya nguzo ni ringi. Kinachoizuia isikamuliwe ni ringi. Aliyeruhusu lile shimo ni injinia wa kiwanda. Muulize swali moja tu: kwa ajili ya msokoto, alitegemea ringi zipi?"

"Nikishamuuliza?"

"Utamwona uso. Lakini nikuulize mimi kwanza. Upande wa kulia wa kiwanda, ule uliobaki, una shimo?"

Shubiri alikumbuka. Asubuhi hiyo alipita pale. Alikuwa ameuona mnyororo wa winchi, ile mashine ya kupandishia mizigo, ukikwaruza kwa kelele, robota likipanda, wanaume wakilipokea juu kwa vifijo. Chini yake mashine za kushona zilikuwa zikilia kama nyuki.

"Unalo," alisema. "Na marobota yaliyookolewa kwenye kifusi yanapandishwa huko huko. Mzigo wa pande mbili sasa unakaa upande mmoja."

Mama Zege alivaa miwani. 

"Boriti ya huko itaanguka lini?" Shubiri aliuliza.

"Mimi si mpiga ramli. Siku siijui. Mzigo naujua. Boriti hii ilibeba nusu ya wanachombebesha pacha wake leo, na hii hapa imelala."

* * *

Shubiri alimpigia simu mkuu wa kituo akiwa bado uani, koti likiwa bado juu ya pipa.

"Afande, toa amri upande wa kulia ufungwe. Sasa hivi."

"Kwa sababu gani?"

"Fundi hakuiba. Nondo zote zimo, nimepasua zege mwenyewe. Boriti imeangushwa na shimo na marobota, na kule kulia kuna shimo na marobota."

"Shubiri, mtu ameungama."

"Ameungama uongo."

"Upande wa kulia ulijengwa na fundi mwingine kabisa. Kwa maelezo hayo ndiyo nimeruhusu kazi iendelee. Sahihi ni yangu. Unataka niende niseme nini, kwamba jana sikujua kusoma?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

Mkuu akasema polepole, kama anayemlisha mgonjwa, "Fundi akikana kwa mdomo wake, nipigie. Asipokana, rudi ofisini uandike ripoti yako. Na ujifunze adabu."

Simu ikakatwa. Shubiri aliitazama kama anayetaka kuipiga nyundo nayo, akachukua koti, akaondoka bila kuaga.

* * *

Fundi Futi aliitwa hivyo kwa sababu ya futi ya chuma ambayo haikutoka kiunoni mwake hata akienda msibani. Alipoingizwa mahabusu polisi walimnyang'anya futi pamoja na mkanda, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa bado unapapasa nyonga kila baada ya muda, unatafuta.

"Simama," alisema Shubiri.

"Nimeshaeleza yote, afande."

"Nieleze tena. Mimi kichwa kigumu, wameniambia leo leo."

"Nilichukua nondo. Nusu."

"Zipi?"

"Za chini."

"Ulizichukua kabla hamjamwaga zege au baada?"

Futi alimtazama kwa mshangao, akasahau kwamba ni mshtakiwa. "Baada utazichukuaje, afande? Kwa meno?"

"Basi kabla. Na ringi ulizifunga kwenye nini? Kwenye hewa? Maana nimezikuta zimefungwa kama shanga, ncha zote ndani, na kila ringi imekumbatia nondo ambayo wewe umeshaiuza. Umemwibia nani, Futi? Umeiba kivuli?"

 Kiganja cha fundi kikaenda kwenye nyonga kikakuta suruali tupu.

"Umeipasua," alisema hatimaye.

"Kwa mikono yangu hii."

"Zege lilikuwaje?"

"Usiniulize zege lilikuwaje!" Shubiri alipiga nondo za dirisha, askari wa zamu akachungulia na kuondoka haraka. "Watu wanne wamekufa, na wewe umewapa maiti hao muuaji wa uongo ili wa kweli alale usingizi! Nani alikununua?"

"Sikununuliwa."

"Basi ulijitoa bure?"

Futi aliketi chini, mgongo ukutani. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kifuani, na alisema kama anayehesabu matofali.

"Tajiri alikuja hapa. Alisimama hapo hapo ulipo. Akasema, Futi, lazima mtu afungwe, na kila njia inakuja kwako, utake usitake. Ukibisha utafungwa na familia yako itakula jongoo. Ukikubali, mke wako anabaki na mashine yake, namfanya msimamizi wa mstari, na watoto nawasomesha. Nikafikiri. Boriti niliijenga mimi. Imeanguka. Sikujua kwa nini imeanguka, afande. Mpaka sasa sijui. Mtu akijenga kitu kikaua na hajui kwa nini, anakuwa tayari kukubali lolote."

"Nani alimruhusu tajiri kuingia mahabusu?"

"Mlango si wangu, afande."

Shubiri alikubali pigo hilo. Akachuchumaa, uso kwa uso.

"Mke wako yuko wapi saa hii?"

"Kazini. Upande wa kulia. Ule haukuanguka."

"Upande huo ulifungwa siku boriti ilipoanguka. Leo uko wazi. Unajua umefunguliwa na nini?"

Futi alitikisa kichwa.

"Umefunguliwa na mdomo wako. Wamesema hivi: kama boriti iliangushwa na mwizi, basi upande ambao mwizi hakujenga ni salama. Sahihi yako ndiyo ufunguo. Boriti yako haikufa kwa njaa ya nondo, Futi. Ilisokotwa. Walikata shimo la winchi wakarundika marobota upande mmoja. Na kule kulia kuna shimo lile lile, na marobota yote ya kiwanda yako juu, na mke wako yuko chini."

 Rangi ilimtoka fundi usoni kama maji yanavyotoka kwenye mchanga. Alishika ukosi wa Shubiri kwa mikono miwili, afande au si afande.

"Winchi inafanya kazi? Leo?"

"Leo."

"Lete simu! Lete simu, mwanaharamu wewe, unakaa unanisimulia!"

Hakuna mahabusu aliyewahi kumwita Shubiri hivyo akabaki na meno yote. Shubiri alitoa simu, akampigia mkuu wa kituo, akaiweka sikioni mwa fundi.

"Mimi Futi!" fundi alipaza sauti. "Yule wa nondo! Nimekana! Sikuiba hata waya! Toa watu, afande, toa watu, andika unavyotaka halafu nifunge kwa kusema uongo, lakini toa watu!"

Shubiri alichukua simu. "Umesikia."

"Nimesikia mtu anapiga kelele," alisema mkuu. "Mlete kesho asubuhi tukae, achukuliwe maelezo mapya kwa utaratibu."

"Kesho."

"Kwa utaratibu."

Safari hii aliyekata simu alikuwa Shubiri.

"Mke wangu ni mbishi," Futi alisema nyuma yake, sauti imekauka. "Polisi hamtamtoa. Ukimwambia toka atakuuliza kwa nini, na ukimpa sababu ya kijinga atarudi kushona."

* * *

Kelele za mashine zilisikika tangu barabarani. Kushoto kulikuwa na kifusi kilichozungushiwa kamba. Kulia mlango ulikuwa wazi, na wanawake wamekaa mistari kwa mistari, vichwa chini, vitambaa vikipita mikononi mwao kama maji. Juu yao, kutoka ukuta hadi ukuta, boriti ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Nyeupe, safi, ya sikukuu.

Shubiri alisimama chini yake karibu na nguzo, akainua uso. Chokaa ilikuwa ya juzi, na tayari ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ulipanda kwa mshazari, ukapinda, ukapotea juu.

"Tokeni nje!" alipaza sauti. "Wote! Acheni kazi mtoke!"

Mashine chache zilinyamaza. Nyingi hazikunyamaza.

"Afande, tunalipwa kwa kipande," alisema mwanamke wa mstari wa mbele bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. "Maneno yako yana mikono? Yatanishonea kola hizi?"

Wengine wakacheka. Alikuwa na kitambaa cha msimamizi begani, kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

"Shemeji," Shubiri alisema, "wewe ni mke wa Futi?"

Kicheko kilikatika. "Mimi ni mke wa mwizi, wanavyosema. Umekuja kunifunga na mimi?"

"Mumeo hakuiba. Amekana. Boriti ile haikukosa nondo hata moja, na hii iliyo juu yako inaumwa ugonjwa ule ule."

Mke wa Futi aliinua macho darini, akayashusha. "Juzi mliniambia aliiba, nikalia. Leo mnaniambia hakuiba. Kesho mtaniambia nini? Afande, mimi nina watoto na mume wangu yuko ndani. Niambie kitu ambacho hakitabadilika kesho, nitatoka."

 Kabla Shubiri hajakitafuta kitu hicho, sauti nene ilitokea mlangoni.

"Kuna nini hapa?"

Tajiri alikuwa mtu mpana, mikono ya shati imekunjwa, mtu aliyezoea kubeba robota mwenyewe ili vibarua waone haya. Nyuma yake, nje kidogo ya kizingiti, alisimama injinia wa kiwanda: mtu wa makamo, kofia nyeupe, viatu visivyo na vumbi. Winchi ililia juu. Robota lingine lilikuwa linapanda.

"Simamisha winchi," alisema Shubiri.

"Una amri?"

"Sina."

"Basi huna winchi." Tajiri alicheka, akawageukia wanawake. "Endeleeni! Kila aliyesimama namkata malipo!"

Shubiri alimpita kama anavyopita mlango, akamwendea injinia, akasimama karibu kiasi cha kumkanyaga vidole.

"Wewe ndiye uliyeruhusu mashimo."

"Niliyakagua kitaalamu," alisema injinia. "Mashimo yote mawili, kushoto na kulia. Hesabu zipo. Kilichotokea kushoto ni suala la nondo kuibwa, nadhani hilo limekwisha."

"Nondo zimo. Mama Zege wa maabara amezishika kwa mkono wake."

Injinia aliirekebisha kofia yake.

"Ulikagua nini?" Shubiri aliuliza.

"Kupinda. Boriti inabeba mzigo bila kupinda kupita kiasi. Salama."

"Endelea."

"Mkato, pale kwenye nguzo. Ringi zinatosha, na ziada inabaki. Salama."

"Endelea."

"Msokoto. Kwa sababu ya shimo. Wengi wanausahau, mimi sikuusahau." Sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Nao nikaukagua. Ringi zinatosha. Salama."

"Ringi zipi?"

"Ringi za boriti."

"Za mkato ni zipi?"

"Ni... ringi za boriti."

"Zile zile?"

Injinia alitazama viatu vyake.

"Mimi sikusoma," alisema Shubiri. "Lakini kituoni kwetu mkuu ana askari kumi. Akiulizwa nani analinda benki, anasema askari kumi, wanatosha. Akiulizwa nani analinda gereza, anasema askari kumi, wanatosha. Zote mbili kweli, mpaka siku benki na gereza vinapovamiwa kwa wakati mmoja. Ringi zako ni askari kumi. Umezipanga lango la mbele, halafu ukazipanga tena lango la nyuma. Nadanganya?"

"Kuna ziada ya usalama," injinia alisema taratibu. "Daima huwa kuna ziada."

"Iko wapi? Iko kule kwenye kifusi? Nikaichimbue?"

"Kila hesabu peke yake ilikuwa sahihi!"

"Waliokufa hawakufa kwa hesabu moja moja!" Shubiri alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Walikufa kwa zote kwa pamoja! Lini ulijua? Siku ile ile? Ulipoona ufa umezunguka kama nyoka, ulijua, ukakaa kimya, ukamwacha fundi akaoze!"

"Imetosha!" Tajiri aliingia katikati yao. Uso wake ulikuwa mwekundu, na hasira yake haikuwa ya uongo. Hapo hapo Shubiri alitambua kwamba mtu huyu, pamoja na ushenzi wake wote, alikuwa anaiamini boriti ile. Alikuwa amehonga apate mfungwa na kuokoa jina la kiwanda. Kwamba jengo lenyewe lilikuwa linakufa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Mnawatia hofu wafanyakazi wangu kwa maneno ya kwenye vitabu," alisema Tajiri. "Askari kumi, askari ishirini! Mimi natumia macho. Tazameni!"

Aliingia ndani kwa kishindo, akapita kati ya mashine, akasimama katikati kabisa ya ukumbi, chini ya boriti. Akapiga sakafu kwa mguu, mara moja, kisha tena.

"Iko wapi? Mbona haianguki? Haya! Injinia, ingia hapa uwaonyeshe! Simama hapa na mimi!"

Mashine zilianza kunyamaza. Wanawake waligeuka kumtazama injinia.

Injinia alikuwa kizingitini. Aliinua mguu mmoja, akautanguliza, na kiatu kikabaki hewani juu ya sakafu kana kwamba chini kuna maji yanayochemka. Kisha akaurudisha. Alirudi nyuma hatua, na nyingine, mpaka mgongo wake ukakuta nguzo ya taa ya uani. Alivua kofia nyeupe, akaikumbatia.

"Injinia," aliita Tajiri. Sauti haikuwa ile ya kwanza. "Ingia."

Injinia alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado alitikisa kichwa.

Zikabaki kusikika winchi ya juu na mashine moja ya nyuma iliyokuwa inashona bila kitambaa.

Mke wa Futi hakuitazama boriti. Aliitazama miguu ya injinia. Aliondoa kitambaa cha msimamizi begani, akakiacha juu ya meza, akanyoosha mkono ukutani na kuishusha swichi kubwa. Winchi ikakatika sauti katikati ya mlio. Mashine ya nyuma ikafa.

"Tokeni," aliwaambia wenzake. "Mwenye hesabu ameshajibu."

Stuli zilisukumwa. Wanawake walisimama mstari kwa mstari, wakaacha kola, mikono ya mashati, mikasi, wakaelekea mlangoni wakishikana nguo. Wanaume wa juu walianza kushuka ngazi za nje mmoja mmoja.

Tajiri naye aliinua uso. Aliuona ule mstari kwenye chokaa. Aliufuata kwa macho kutoka ubavuni hadi juu, akarudi nao. Akaanza kukata kati ya mashine kuelekea mlangoni, akimsukuma bibi mmoja mwenye miwani.

Shubiri alikuwa amesimama kizingitini. Alinyoosha mkono, akauweka kwenye kifua cha Tajiri, akaukaza.

"Wewe subiri. Uliwaingiza wewe, utatoka wa mwisho."

"Afande, nakuomba..."

"Rudi nyuma, uwapishe."

Tajiri alirudi. Alisimama ukutani, kichwa ameingiza mabegani, macho yameganda darini, huku wanawake waliolipwa kwa kipande wakimpita mbele bila hata mmoja kumtazama. Bibi mwenye miwani alikuwa wa nyuma, na miguu yake haikuwa na haraka ya mtu yeyote.

"Taratibu, kina mama," alisema Shubiri, bila kuuondoa mkono mlangoni. "Msikimbie, msitikise sakafu. Taratibu kabisa."